Moto wa Langoni kwa Ta Clavery

Baba Paroko, Katekista, uongozi wa kitongoji, ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliotoka Bukoba mjini, Kemondo na pande zote za Muleba mkaacha shughuli zenu kuja kutusitiri, Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zetu Waislamu, Asalaam aleikum. Familia inawaomba mkae, na walio nyuma wasogee mbele kidogo, maana historia hii si fupi na marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza isifupishwe.

Imeandikwa na binti yake mkubwa, Kemilembe, kwenye daftari la shule, kati ya mwezi wa Mei na mwezi wa Agosti mwaka huu wa 2025, baba akiwa kwenye kiti chake cha varandani anasema na binti anaandika, na yaliyofuata tumeyaongeza wenyewe, na kila siku kabla ya kufunga daftari marehemu aliuliza kama lile jambo limeandikwa, na kama halijaandikwa hakuna aliyeruhusiwa kwenda kula. Wapo wanafamilia walioomba lisisomwe mbele za watu, jana mchana tumelijadili kwa sauti ambazo majirani bila shaka mlizisikia, lakini mwenye maneno ameyaacha hivi, na anayesoma ni mdogo wake, ambaye tangu utotoni hajawahi kumshinda kaka yake kwa ubishi na hataanza leo.

Mmeona pia moto mdogo wa majani makavu ya migomba pale langoni, na vijana waliokuja asubuhi kukata migomba na kuchimba kaburi walizuiwa kuingia mpaka mapanga yao yapitishwe motoni, mmoja akasikika akiuliza kama huu ni msiba au ni ukaguzi. Huu ni msiba, na habari ya moto itafika mahali pake.

Marehemu Clavery Rwekaza alizaliwa tarehe 9 Februari 1954 hapa hapa kitongoji cha Omurwere, Kamachumu, siku hizo Muleba ikiwa haijawa wilaya, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa Mzee Kyaruzi na Mama Joviana, wote marehemu, na alizaliwa njiani, mama akitoka kisimani na mtungi wake, jambo ambalo mama alilikumbusha kila mara mwanawe aliposhindwa kumaliza chakula akiwa ameketi. Alibatizwa Jumapili ya tarehe 28 Machi mwaka huo huo, na alisoma Shule ya Msingi Omurwere kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, ambako mwalimu wake wa darasa la tano aliandika kwenye ripoti maneno mawili yaliyokuja kuwa utani wa ukoo mzima, yaani ana akili, hatulii.

Mwaka 1975 alipata kazi bandarini Kemondo, kwanza kama mpakiaji wa mizigo, baadaye kama msimamizi wa wapakiaji, kazi iliyomfaa kwa kuwa haina kiti, na aliifanya hadi tarehe 3 Novemba 1986, siku aliyofariki Mzee Kyaruzi, ambaye alimwacha yeye kuwa mrithi wa kibanja hiki cha migomba mlimokaa. Alifunga ndoa takatifu na Vestina, binti wa Kibeta, Bukoba, Jumamosi ya tarehe 12 Julai 1980, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Kemilembe mwaka 1981, Jovina mwaka 1984 na Kyaruzi mwaka 1988, wote wapo hapa, pamoja na wajukuu saba.

Waliokuwepo miaka ile wanakumbuka mkono wake. Alikuwa akiingia kwenye kibanja kilichosongamana, anasimama kidogo, anazunguka shina la mgomba akiligusa kwa kiganja, kisha anajua ni chipukizi lipi libaki na yapi yaondoke, na alipotoka kibanja kilikuwa kimepata hewa na mikungu inakuja minene, hata ikawa hapa Omurwere mtu akioa, akirithi au akirudi kutoka mjini, jambo la kwanza ni kumwita Ta Clavery aje amtengenezee. Ujira hakutaka, bakuli la rubisi, pombe yetu ya ndizi, lilimtosha, naye alilinywa akiwa amesimama, na panga lake, alilolifunga kwenye kitambaa cha kijani, halikuguswa na mtu mwingine. Alijivunia mkono huo, na ameagiza neno hilo la kujivunia lisiondolewe.

Sasa lile jambo.

Mwezi wa Februari mwaka 2007 marehemu alikwenda kwa mjomba wake, mwendo wa saa mbili kwa miguu, akakuta migomba kadhaa imelegea majani na kugeuka manjano, na ndizi zimeivia mkunguni kabla ya wakati huku ndani zimeoza. Aliikata yote, akaona usaha wa manjano unatoka kwenye shina, akalifuta panga kwa jani, akalifunga kwenye kitambaa chake na kurudi nyumbani. Kesho yake aliingia kwenye kibanja cha jirani na rafiki yake, Ta Rutaihwa, akafanya kazi mpaka jua la mchana, na katika wiki mbili zilizofuata aliingia vibanja vingine kumi, cha kwake kikiwa cha mwisho. Huo ndio ugonjwa wa mnyauko ambao wakati huo hatukuujua, na uliingia Omurwere kwa panga la mtu tuliyemwamini kuliko wote.

Kibanja cha Rutaihwa kilianza kufa mwezi wa Machi. Siku chache kabla ya hapo, jirani yetu Ma Benigna, mjane aliyeishi peke yake mwisho wa njia ya kisimani, alikuwa amepita kwa Rutaihwa kuomba majani ya kufunikia chakula, akainua macho, akauona mkungu mkubwa juu ya kichwa chake, akasema kwa mzaha kwamba mkungu huo utauangusha mgomba uliouzaa. Mgomba huo ndio uliotangulia kunyauka. Mnatufahamu, hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili kwamba ana jicho baya, na kufikia mwezi wa Mei watoto walikuwa wanaitwa ndani Ma Benigna akipita, na watu walikuwa wanatupia nguo juu ya mikungu yao ili jicho lake lisiione.

Tarehe 16 Juni 2007 bwana shamba wa kata aliita mkutano shuleni, akakata mgomba mgonjwa mbele ya watu, akaonyesha ule usaha, akaeleza kwamba ugonjwa unasafiri kwa panga kutoka kibanja hadi kibanja, na kwamba dawa ni kung'oa, kuzika, na kulipitisha panga motoni kila linapotoka kwa mtu na kuingia kwa mwingine. Marehemu alikuwa amesimama ukutani, mahali pake pa kawaida. Alimwambia Kemilembe kwamba pale pale alijua, hakuwa na shaka hata kidogo, na aliweza kuvihesabu vibanja vyote kumi na kimoja kwa mpangilio wake, na alisubiri mtu mmoja tu amwangalie ili aseme, lakini hakuna aliyemwangalia, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuliwazia panga la Clavery. Watu walitoka mkutanoni wakikubaliana kwamba panga ndilo linalobeba, na kwamba swali lililobaki ni nani aliyelituma.

Jumapili ya tarehe 19 Agosti mwaka huo wanaume saba walikwenda kwa Ma Benigna kumwomba ahame. Rutaihwa ndiye aliyewakusanya, na alimpitia Clavery kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa, mjumbe wa kigango, mwenye maneno ya upole, na marehemu angeweza kukataa, au kusingizia ugonjwa, au kusema kweli, na hakufanya lolote katika hayo matatu, bali alikwenda, na yale maneno ya upole akayasema yeye. Ma Benigna aliuliza amefanya nini, hakujibiwa, akafunga blanketi lake, mkeka na sufuria mbili, na ilipoonekana hakuna mwenye kuugusa mzigo huo, Clavery aliuinua, akautia kichwani na kumsindikiza hadi barabara kubwa, ambako alipata gari la kwenda kwa binti yake Kemondo. Pale barabarani mama yule alimshika mikono yote miwili.

"Asante, Clavery," alisema. "Wewe peke yako ndiye umenibebea mzigo."

Kuanzia siku hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, kila alipoketi aliisikia asante hiyo, kwa hiyo akaacha kuketi.

Sisi tulidhani ni ile tabia ya kuzaliwa njiani. Alikula amesimama mlangoni, alipokea wageni akiwa na jembe mkononi, na kahawa ya kutafuna akiletewa kwenye kikapu aliichukua na kuzunguka nayo uani. Mwezi wa Januari 2009 alimchukua mkewe wakahamia Kitendaguro, Bukoba, kwenye kiwanja cha binti yao Jovina, akisema kibanja kimekufa hana cha kufanya huku, na huko mjini akaingia katika kazi za parokia kwa namna iliyowashangaza hata mapadre, akabeba mawe ya uzio, akapaka rangi, akachimba vyoo, akapanga viti vya semina asizohudhuria, na kama kuna kamati hakuwemo basi ilikuwa ya akina mama. Wakati wa Misa alikuwa mlangoni, akiwaelekeza watu mahali pa kukaa, na watu wakikomunika yeye alikuwa na jambo la kushughulikia nje.

Vestina aliliona hilo. Kwa miaka minane alimwona mumewe hapokei Ekaristi, alimuuliza, akajibiwa kwa ukali, akauliza tena kwa upole, akakuta mtu ameshachukua ndoo na kwenda bombani, na amesema tukisome hiki pia, kwamba kuna miaka alidhani ana mwanamke mwingine, na alimchunguza, na alichogundua ni kwamba mumewe huzunguka uwanja wa kanisa na rozari bila kuimaliza. Marehemu alieleza baadaye kwamba alimwogopa Mungu sana na hakumwamini hata kidogo, alimfanyia kazi ili asimkaribie, na kila alipoinuka asubuhi alitafuta kwanza kitu cha kubeba.

Mambo yaligeuka Alhamisi Kuu, tarehe 2 Aprili 2015. Parokia ilichagua wazee kumi na wawili wa kuoshwa miguu, na kwa jinsi alivyojituma jina lake liliandikwa la kwanza bila kuulizwa. Aliketishwa kwenye benchi mbele ya watu wote, viatu na soksi vikiwa chini ya benchi, mzee wa tatu kutoka kulia, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kukaa mahali asipoweza kuondoka. Padre alimwosha wa kwanza, akamwosha wa pili, akapiga magoti mbele ya Clavery na kunyoosha mikono yake yenye maji, na hapo Clavery Rwekaza, mwenyekiti wa kamati mbili, aliinuka, akashuka ngazi za altare, akapita katikati ya kanisa na kutoka nje peku. Vestina alibaki na aibu na viatu. Kwaya, wasijue la kufanya, waliendelea kuimba.

Alipomfikia nyumbani alimkuta amesimama uani, akamwekea viatu mbele yake, akamwambia kwamba leo hatachukua ndoo, atasema, na akasema. Waliongea mpaka Vestina akaishiwa maswali. Hakumfariji, anakiri hivyo, alimwambia kwamba anayetakiwa kuyasikia haya yuko Kemondo.

Ijumaa Kuu asubuhi marehemu alikwenda Kemondo kwa miguu, akamkuta Ma Benigna kwa binti yake, anageuza dagaa kwenye turubai. Mama yule alifurahi kumwona, akaita aletewe kikapu cha kahawa, akamkaribisha kigoda, na Clavery akabaki amesimama, akiizungusha punje ya kahawa kati ya vidole.

"Keti kwanza," alisema Ma Benigna. "Simsikilizi mtu aliyesimama."

Aliketi. Alisema yote, kuanzia migomba ya mjomba hadi mzigo wa barabarani, na muda wote huo mama aliendelea kugeuza dagaa, hata waliokwisha kugeuzwa. Alipomaliza, Ma Benigna alijibu maneno ambayo Kemilembe ameyaandika kama yalivyo.

"Nilikuwa nimeanza kuamini kuwa ni mimi," alisema. "Clavery, wajukuu zangu nawatazama kwa upande. Mtoto akizaliwa naogopa kumwinamia. Nenda ukaseme kule kule mliponitoa."

Hakusema amesamehe, na marehemu hakuthubutu kumuuliza.

Jumamosi alikwenda kuungama, na yaliyosemwa humo si yetu. Tunachokijua ni kwamba alitoka na maondoleo yake kama mkristo yeyote, angeweza kukomunika Pasaka, na hakukomunika, kwa kuwa alisema hawezi kula mezani kabla ya kwenda Omurwere. Jumapili ya tarehe 26 Aprili 2015, baada ya ibada ya kigango, alisimama mbele ya watu hapa, wengi wenu mlikuwepo, akataja vibanja vyote kumi na kimoja kwa majina ya wenyewe, akasema, "Ni panga langu. Ma Benigna hakufanya kitu, nilijua, na nikambebea mzigo."

Ingependeza kuandika kwamba watu walilia wakakumbatiana, lakini wengi mlinyamaza, wachache mlicheka, mmoja, jina tunalihifadhi, alisema wazi kwamba Ma Benigna amemroga na Clavery sasa ili ajitwishe makosa, na Ta Rutaihwa aliinuka, akavaa kofia yake na kuondoka. Marehemu alirudi Jumapili ya pili akasema tena, na Jumapili ya tatu akaja na Ma Benigna mwenyewe, aliyekaa kwenye benchi la mbele na kumtazama kila mtu usoni, mmoja mmoja, na siku hiyo hakuna aliyecheka. Hapo ndipo aliporudi kwenye meza ya Bwana, tarehe 10 Mei 2015. Ma Benigna hakutaka kurudi kuishi hapa, alisema ameshazoea ziwa, lakini kila Pasaka marehemu alimpelekea mkungu, akaketi kwenye kile kigoda na kutafuna kahawa yake mpaka iishe.

Mwaka 2016 yeye na Vestina walirudi Omurwere na kupanda upya. Aliwasha moto langoni kwake kila alipotaka kuingia na panga, hata kama panga halikuwa limetoka nje, na hakuna aliyemwita tena kumtengenezea kibanja. Rutaihwa hakumsalimia, mwaka ukaisha, ikaisha miwili, ikafika tisa, nyumba zao zikitazamana. Ndugu wapendwa, msidhani basi kwamba amani ilimwingia siku moja ikakaa. Alimwambia Kemilembe kwamba msamaha aliupata Jumamosi ile ya mwaka 2015, ila kuuamini ndiko kulikomchukua miaka, kwa sababu kila alipoiona kofia ya Rutaihwa ikipita bila kugeuka, alijiuliza kama Mungu naye amenyamaza hivyo hivyo. Alijilazimisha kukaa. Alijitengenezea kile kiti cha mbao cha varandani, akawa anaketi kila asubuhi bila rozari, bila kitabu na bila kazi, anasema, "Bwana, nipo, nimekaa," na siku nyingine hakuweza kumaliza dakika tano, akainuka na kwenda kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Tarehe 17 Mei 2023, baada ya vipimo hospitalini Bukoba, aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa kwa kwenda na kurudi, akapata nafuu, akazidiwa, na mwezi wa Januari mwaka huu miguu ilikataa kabisa, na hapo, hatufichi, alituchosha. Alitaka kitanda, akipelekwa kitandani alitaka kiti, akiwekwa kwenye kiti alitaka kugeuzwa aone kibanja, na akikiona alihuzunika kwa kuwa machipukizi yalikuwa yanasongamana, majani makavu yananing'inia, na mtoto wake Kyaruzi, anayefanya kazi vizuri sana ya umeme, hajui chipukizi lipi ni lipi. Ile hofu ilirudi. Alimuuliza Katekista kama mtu anaweza kusamehewa na bado akafa kiguu na njia, na Katekista, ambaye ni mtu mkweli, alimjibu kwamba hajui, ila kwamba Mungu hamkimbizi mtu ambaye hana tena miguu.

Jumamosi ya tarehe 8 Februari 2025, saa mbili asubuhi, Ta Rutaihwa alitoka kwake na panga. Vestina alipomwona anavuka njia alishika mlango, anasema hakujua afikirie nini. Rutaihwa alifika pale langoni, akakusanya majani makavu, akawasha moto, akalipitisha panga lake upande mmoja na upande wa pili mpaka chuma kikabadilika rangi, akaingia kibanjani bila hodi na kuanza kukata. Alikata asubuhi nzima. Marehemu alikuwa kwenye kiti, anaona kila pigo, na mtu aliyemjua alitegemea aite, aelekeze, akosoe, kwa kuwa Rutaihwa, atusamehe, hana mkono wa migomba na aliliondoa chipukizi zuri kuliko yote. Vestina alitaka kumwambia.

"Mwache," alisema Clavery. "Anakata vibaya, lakini mwache."

Alimwambia Kemilembe baadaye kwamba asubuhi hiyo ndiyo aliyoelewa, yaani kukaa tu, kibanja chako kikiwa mikononi mwa mtu uliyemharibia cha kwake, huna nguvu ya kumzuia wala sababu ya kudai kitu, na bado unatendewa. Alisema alikuwa anamwomba Mungu amani, na kumbe Mungu alikuwa anataka aache kushika panga. Alilia, na akaagiza iandikwe kwamba alilia.

Rutaihwa alikuja Jumamosi ya pili na ya tatu, akakata na kurudi kwake, na ya nne, tarehe 1 Machi, alivuta kigoda, akachukua kahawa kwenye kikapu, na baada ya punje ya pili alisema kwamba panga lilikuwa la Clavery, lakini wazo la kumfukuza yule mama lilikuwa la kwake, na miaka yote hii alimchukia Clavery kwa kuwa Clavery aliweza kulisema la kwake naye hakuweza. Ta Rutaihwa yupo hapa, amekubali lisomwe, tunamshukuru. Aliomba Clavery ampeleke Kemondo, na kwa kuwa Clavery hakuweza tena kumpeleka mtu popote alipelekwa na Vestina, na yaliyosemwa huko wanayajua watatu, ila alirudi na gunia la dagaa ambalo ukoo mzima tumelila.

Baada ya hapo marehemu alitulia. Mwili ulizidi kuuma na hakulificha hilo, lakini aliacha kuomba kugeuzwa. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 12 Septemba 2025, saa nne kasoro, Vestina alimwona amechoka, akamwita Kyaruzi wamhamishie kitandani, naye akatikisa kichwa.

"Niacheni hapa hapa," alisema. "Nimekaa vizuri."

Vestina aliingia ndani kuchukua uji, na alipotoka mumewe alikuwa ameshaondoka, akiwa na umri wa miaka sabini na moja, miezi saba na siku tatu, mikono yote miwili ikiwa juu ya mapaja, mitupu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bukoba waliomhudumia kwa zaidi ya miaka miwili, mapadre na wanajumuiya wa Kitendaguro na wa hapa, wenzake wa bandarini Kemondo waliobaki na waliofika, familia ya Mzee Saburi wa Kitendaguro, ndugu zetu Waislamu ambao gari lao lilimbeba kila alipozidiwa, na majirani wote wa Omurwere, hasa wenye vile vibanja kumi, ambao jana tumewaona wote hapa, tukahakikisha, wote.

Kuhusu moto, agizo ni lake, kwamba mtu asiingie kumchimbia kaburi na panga ambalo halijapita motoni, kwa sababu hataki kuwa chanzo cha ugonjwa tena. Hakusema nani auwashe. Ma Benigna, aliyefika juzi kutoka Kemondo akiwa na miaka themanini na mbili, aliamka leo kabla ya wote, akakusanya majani na kuuwasha kwa mkono wake, na sasa ameketi pale mbele, kati ya Vestina na Rutaihwa. Ana ombi moja kwa wenye watoto, kwamba tukishamaliza kuzika mumletee watoto wenu, hata wale wachanga, awainamie na kuwatazama.

Clavery, kaka yetu, huna tena cha kubeba. Keti, upumzike kwa amani.